UZI: Sosholojia kwa macho ya Amu (Lamu), kabla hatujasema "vijana wa siku hizi wavivu"

Mtu wa Langoni

Asalaam aleikum wanajukwaa, na wasio Waislamu habari zenu pia. Huu uzi mrefu, mwenye haraka asome kesho.

Kila mwaka vijana wetu waenda chuo kutoka Amu, Shela, Matondoni, Faza na Siyu huko, na wengi wapewa kozi ya sosholojia, yani elimu ya jamii, semista ya kwanza, wengine hata hawakuichagua wamewekewa tu. Wakirudi likizo wakwambia ni majina ya wazungu ya kukariri, Durkheim kasema hivi Marx kasema vile, mtihani ukiisha yaachwa mlangoni. Mimi elimu hii naipenda sana na yaniuma kuona yasomwa hivyo, manake yahusu sisi wenyewe, nani amuheshimu nani na kwa nini, kwa nini mtoto wa fulani aishia kuvuta nyavu na wa fulani aishia kuwa wakili na wote wawili walizaliwa mtaa mmoja. Kwa hivyo nataka nizieleze zile nadharia za mwanzo kwa mambo ya hapa kwetu, na hoja yangu ni moja nitairudia mpaka mnichoke: kabla hujamlaumu mtu kwa tabia yake, angalia kwanza amesimamishwa wapi.

Tuanze na hao vijana. Kaa baraza yoyote baada ya alasiri, kahawa ikipita utasikia tu, vijana wa sasa wavivu, washinda pwani wakitafuna miraa na kuangalia simu, sisi enzi zetu hatukuwa hivi. Sasa kuna Mmarekani mmoja aitwa C. Wright Mills, mwaka 1959 aliandika kitabu kuhusu namna ya kufikiri kisosholojia na akatoa mfano ambao ukiuelewa umeshaelewa nusu ya kozi. Alisema, mji wa watu laki moja ukiwa na mtu mmoja tu asiye na kazi, hiyo ni shida yake binafsi, muangalie yeye, tabia yake, ujuzi wake. Lakini nchi yenye wafanyakazi milioni 50 ikiwa na milioni 15 hawana kazi, hapo huwezi kumshika mmoja mmoja ukamwambia wewe mvivu, hapo nafasi zenyewe zimevunjika, ni jambo la umma. Yani kijana mmoja pale pwani kukosa kazi yaweza kuwa ni yeye. Mtaa mzima wa vijana kukosa kazi, tena wenye vyeti, hilo si la uvivu tena ndugu zangu, tuulize uvuvi umekuwaje, utalii ulishuka lini na kwa nini, kazi zatangazwa wapi na nani azipata kwanza.

Na mtu asifikiri elimu hii ilianza Ulaya. Mfaransa Auguste Comte ndiye aliyeipa jina katika miaka ya 1830, sawa, lakini Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis 1332 akafa Cairo 1406, alishaandika Muqaddima mwaka 1377 na humo ndani yumo anauliza maswali yale yale, dola zainuka vipi na zaanguka vipi. Jibu lake ni asabiyya, ule mshikamano wa watu wanaosimama pamoja wakati wa shida. Watu wa maisha magumu wanao mwingi, wakishinda wakatawala wakaingia mjini wakazoea raha wajukuu zao wanaupoteza, na dola kwa kawaida haipiti vizazi vitatu. Sisi tuna Pate hapo ng'ambo, mji uliokuwa ukitisha visiwa vyote hivi, hadi vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19 ukashindwa na Amu na haukuinuka tena vile. Sisemi Ibn Khaldun aeleza kila kitu cha Pate, kulikuwa na Mombasa na Oman ndani ya mambo hayo, lakini ukimsoma huku umesimama kwenye magofu ya Pate akuingia vizuri.

Sasa Durkheim. Mfaransa huyu (1858 hadi 1917) alitaka watu wakubali kitu kimoja, kwamba jamii ina nguvu zake zilizo nje ya mtu mmoja na zinamkamata. Wewe hukutunga lugha unayosema, hukutunga mahari, hukutunga kwamba ukipita mtu kwenye kichochoro lazima umwamkie. Umezikuta, utakufa utaziacha. Jaribu kupita vichochoro vya mtaa wa Mkomani asubuhi bila kusalimia mtu, hakuna askari atakayekushika, lakini kabla ya adhuhuri mamako atakuwa ameshaambiwa. Hiyo nguvu ndiyo Durkheim aliita ukweli wa kijamii. Mwaka 1897 akachukua jambo linaloonekana la mtu binafsi kuliko yote, kujiua, akaonyesha kwa takwimu kwamba hata hilo lina mpangilio, Waprotestanti zaidi ya Wakatoliki, wasio na ndoa zaidi ya wenye ndoa, wakati wa amani zaidi ya wakati wa vita. Mahali watu wamefungamana vizuri hupungua, mahali kila mtu yuko peke yake huongezeka.

Na hapo lipo neno lake jingine, anomia, pale mambo yanapobadilika haraka mpaka watu hawajui tena kanuni gani inafanya kazi. Hili naliona Amu waziwazi. Kijana anakulia na kanuni ya babake, fanya kazi, subiri, jenga pole pole, halafu aona jirani ameuza shamba Shela kwa mzungu akapata pesa ambazo babake hajaziona maisha yake yote, mwingine asubiri fidia, mwingine amepata rafiki mtalii akaenda zake Ulaya. Sasa subira yake ni ya nini? Kanuni ya zamani haimshiki tena na mpya haipo. Ukimuona ametulia pwani haeleweki, usione mvivu tu.

Nitaendelea na Marx na Weber, ulizeni kwanza.

Binti Shela

Mashallah maalim uzi mzuri. Lakini swali, sisi tuliposoma huyo Durkheim lekchara alisema eti dini ni jamii inajiabudu yenyewe. Mimi hapo nilifunga daftari wallahi. Maulidi yetu pale msikiti wa Riyadha sisi twaenda kwa mapenzi ya Mtume (s.a.w.), si kwa ajili ya mshikamano wa sijui nani.

Mtu wa Langoni

Dada yangu swali lako ni zito na hukukosea kuudhika. Kitabu cha Durkheim chenye maneno hayo ni cha 1912, humo alitumia habari za wenyeji wa Australia na kweli alifika mbali kwenye hitimisho lake, wengi baadaye walimpinga hapo. Lakini sosholojia yenyewe haina mizani ya kupima kama imani ni ya kweli au si ya kweli, hiyo si kazi yake. Inachoweza kuuliza ni, watu wakikutana kwa ibada, baina yao kunatokea nini? Na hapo Durkheim aliona kitu cha kweli. Mfungo Sita watu waja kutoka Tanzania, Ngazija, Uganda, matari yakianza pale uwanjani na watu wakajipanga safu wakayumba pamoja, mtu ambaye jana mligombana mpaka wa kiwanja amesimama begani mwako. Ile hali ya watu kupandwa na kitu kimoja kwa pamoja aliieleza vizuri kuliko mtu yeyote. Wewe nia yako ni mapenzi ya Mtume, na ibaki hivyo, na wakati huo huo mji unarudi kuwa mmoja. Vyote viwili vyaweza kuwa kweli.

Mmisri Abdul Hamid el-Zein alikuja kufanya utafiti hapa hapa Amu, kitabu chake kilitoka 1974, na alionyesha pia upande wa pili, kwamba Riyadha ilibadilisha nani ana hadhi mjini. Nitalirudia kwa Weber.

Baharia Mstaafu

Endelea na Marx bwana, huyo ndiye wetu sisi wa baharini.

Mtu wa Langoni

Haya. Karl Marx, Mjerumani, kazaliwa 1818, kafa London 1883. Durkheim auliza jamii inashikana vipi, Marx auliza nani anafaidika ikishikana hivyo. Kwake la kwanza ni uzalishaji, nani anamiliki vile vitu vya kuzalishia na nani ana mikono yake tu.

Hakuna haja ya kwenda viwanda vya Manchester, chukua jahazi la uvuvi hapo gati. Wakirudi samaki wauzwa, yatolewa kwanza ya mafuta, ya barafu na ya chakula walichokula baharini. Kinachobaki chagawanywa mafungu. Nahodha ana lake, kila baharia ana lake, halafu chombo nacho kina lake, na mara nyingi nyavu zina lake na mashine ina lake. Sasa yale ya chombo, nyavu na mashine yaenda kwa nani? Yaenda kwa mwenye mali ambaye usiku ule alilala kwake. Baharia mwenye mikono tu alichukua fungu moja tu, na nusu ya fungu hilo ilishaliwa kwa mkopo wa dukani. Hawezi kununua mashine kwa hilo fungu, kwa hivyo kesho arudi, na mwanawe atarudi. Hiyo ndiyo Marx asema, tabaka halitokani na kipaji, latokana na mahali ulipo kwenye mpango wa kuzalisha, na mpango unajirudia wenyewe.

Kubwa zaidi ya jahazi ni bandari. Gati la kwanza la bandari mpya ya Amu lilifunguliwa 2021. Kabla yake, 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya maeneo ya kuvua yaliyoharibiwa na kazi ile. Ukitumia miwani ya uamilifu, yani ile nadharia inayoona kila sehemu ya jamii ina kazi yake kama viungo vya mwili, utasema bandari yaleta ajira na njia ya biashara na mambo yatajisawazisha. Ukitumia ya mgogoro utauliza, gharama imebebwa na nani na faida inaenda kwa nani, na mbona mwenye dau dogo ambaye hawezi kwenda kina kirefu ndiye aliyepisha? Mimi kusema kweli hapa kwetu naona hii ya pili yaeleza mengi zaidi.

Abu Chombo

Bwana Langoni mimi nina vyombo viwili na sikubali. Chombo kikivunjika mwambani baharia aenda zake kwao, hasara ni yangu. Mashine ikifa mimi ndiye nitafute pesa. Msimu wa kusi bahari imechafuka hakuna kutoka, hao mabaharia waja kwangu kukopa chakula cha watoto na nawapa, na wengine hawajalipa mpaka leo na sijawadai. Huyo Marx wako angekuja kukaa Amu angeona si hivyo.

Mtu wa Langoni

Ami nimekuelewa, na unayosema ya kukopesha ni kweli kabisa, bila nyinyi kusi ingekuwa njaa. Lakini angalia vizuri, wewe unahatarisha mali, baharia anahatarisha roho, na bado mafungu hayajafuata hivyo. Na ule mkopo wa kusi wenyewe ndio unaomfunga arudi kwenye chombo chako kaskazi ikianza, hata kama nia yako ni huruma tupu, na naamini ni huruma tupu. Hapa ndipo ninapotaka tufike sote, kwamba mpango waweza kumbana mtu hata pale wote ndani yake ni watu wema. Sijakulaumu wewe kama ambavyo sitaki yule kijana alaumiwe.

Abu Chombo

Hapo sawa. Hilo la kusi nitalifikiria.

Fresha wa Malindi

Mimi niko mwaka wa kwanza, sisi hapa Malindi pia ni hivyo hivyo kwa hoteli na majumba ya Wataliano. Maalim tofauti ya Marx na Weber ni nini hasa? Notsi zetu zinasema Weber aliongeza hadhi na chama, basi, hakuna maelezo.

Mtu wa Langoni

Notsi zimekudhulumu mwanangu. Max Weber (1864 hadi 1920, Mjerumani pia) alisema Marx ameona mali tu, na watu wanapangwa kwa zaidi ya mali. Kuna tabaka, yani uwezo wako sokoni. Kuna hadhi, yani heshima unayopewa. Na kuna nguvu ya kujipanga kisiasa. Vitatu hivi vyaweza kwenda pamoja na vyaweza kuachana kabisa, na Amu ndipo pa kuonea. Wako wazee wa Mkomani wa nyumba kubwa za mawe, ukuta wadondoka chokaa, pesa ya kutengeneza dari hakuna, lakini akiingia mahali watu wainuka. Na yuko tajiri aliyekuja juzi, ana mashua na gesti hausi, akiposa mwana wa watu aulizwa kwanza, wewe wa nani? Pesa anayo, hadhi hajaipata bado.

Na hadhi si kitu kizuri tu cha kusifiwa. Hapa ilijengwa juu ya mngwana na mtumwa, na utumwa kisheria uliisha Kenya 1907 lakini maneno yake yaliendelea kutumika kwenye posa muda mrefu sana baadaye. Habib Swaleh, yule mwanzilishi wa Riyadha, alipokuja kutoka Ngazija akakaa na watu wa mtaa wa Langoni, akawasomesha wale ambao wengine waliona hawastahili kusomeshwa, alitikisa mpango huo. Weber anatoa aina tatu za mamlaka: ya mila, unatii kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote, ya karama, unatii kwa sababu ya mtu mwenyewe na kile watu wanachokiona ndani yake, na ya sheria na ofisi, unatii cheo hata kama mwenye cheo humjui. Habib ni karama mbele ya mila. Na Weber asema karama haikai hivyo, mwenyewe akiondoka lazima igeuke kitu cha kudumu, na kweli yakabaki msikiti, chuo, ukoo, utaratibu wa Maulidi. Ukiandika hivyo kwenye mtihani utakuwa umeeleza, si kukariri.

Sasa nizungumze wale wanaotazama kwa karibu, manake hao wote juu walikuwa watazama kutoka mbali. George Herbert Mead wa Chicago aliuliza mtoto anakuwa vipi mtu wa jamii. Kwanza acheza kuwa mama, kuwa nahodha, mmoja mmoja. Baadaye aingia mchezo wa wengi, mpira pale ufukweni maji yakitoka, na hapo lazima ajue kichwani kwake nafasi ya kila mmoja kwa wakati mmoja. Mwisho anabeba ndani yake jicho la watu wote kwa jumla. Sisi hilo jicho twalijua vizuri sana, ndilo linalotufanya tuseme "watu watasemaje" hata tukiwa peke yetu chumbani.

Halafu Erving Goffman, na huyu nampenda kwa sababu alifanya utafiti wake wa shahada kisiwani, kisiwa cha Unst huko Shetland kaskazini ya Uskoti, kuanzia 1949. Alikaa hotelini akaona wahudumu wale wale wakiwa mbele ya wageni ni watu wengine na wakirudi jikoni ni watu wengine. Kitabu kilitoka 1956, asema sote tuna mbele na nyuma ya jukwaa. Nenda Shela uangalie nahodha wa mashua ya watalii, na jina la Kizungu amejipa, akitoka pale aingia msikitini kwa jina la babake. Si unafiki huo, ni kazi. Na nyumba zetu za kale zimejengwa kwa akili hiyo hiyo karne nyingi kabla yake: daka (kibaraza cha mlangoni) kwa mgeni yeyote, kisha mlango umepinda ili wa nje asione kiwanda (ua wa ndani), kisha misana (vyumba virefu), kisha ndani kabisa kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) na vyombo vya kaure ambako mwanamume asiye wa nyumba hafiki. Mgeni amekuja mpaka wapi, hapo hapo umeshajua uhusiano wake na wenyewe.

Binti Shela

Hapo umenifurahisha. Na mimi niongeze la wanawake manake mumeongea vyombo na baraza tu. Harusi. Mamangu ana daftari, kila harusi aliyokwenda ametoa nini, kila aliyekuja kwetu ametoa nini, shilingi, leso, mchele. Dadangu alipoolewa lile daftari ndilo lililoendesha harusi, watu walirudisha. Na mtu akirudisha pungufu ya alichopewa hasemwi mbele yake lakini yajulikana.

Mtu wa Langoni

Dada hiyo ni Marcel Mauss tupu, mpwa wa Durkheim, aliandika juu ya zawadi 1925. Asema zawadi ina wajibu tatu, kutoa, kupokea na kurudisha, na ukikataa kupokea ni kama umetangaza ugomvi. Lile daftari la mamako ni benki na bima na ramani ya udugu, vyote ndani ya kurasa za shule. Na Mmarekani Robert Merton alitofautisha kazi ya wazi na kazi iliyojificha ya jambo. Ya wazi, harusi ni watu wawili waoane. Iliyojificha, kina mama waangalia wasichana walioinuka kucheza wakiwafikiria wanao, madeni yasawazishwa, waliokosana wakaa sinia moja la pilau. Ndiyo maana ukimwambia mtu afanye harusi ndogo apunguze gharama hakusikii, wewe umehesabu kazi ya wazi peke yake.

Mkweli Daima

Yote mazuri lakini tuseme ukweli. Kijana pale pwani leo hii hana kazi. Marx, Weber, Goffman, wamsaidie nini? Na mimi bado naamini wapo wavivu.

Mtu wa Langoni

Wapo, sijakataa, wavivu wako kila mahali hata maofisini. Lakini nikupe mifano miwili. Mwaka 1899 W.E.B. Du Bois, Mmarekani mweusi, alichapisha utafiti wa mtaa wa watu weusi Philadelphia, alipita nyumba kwa nyumba mwenyewe akiuliza. Wakati ule wengi walisema umasikini na uhalifu pale ni asili yao. Akaonyesha ni kazi walizofungiwa, kodi kubwa kwa nyumba mbovu, historia ya utumwa. Ukijua hivyo unajua pa kugusa, hupotezi miaka kuwahubiria watu wajirekebishe huku milango imefungwa.

Wa pili ni Mark Granovetter, 1973. Aligundua watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, wengi haikuwa kupitia rafiki wa karibu, ilikuwa ni mtu wanayeonana naye kwa nadra. Sababu ni rahisi, rafiki zako wa karibu wajua yale yale unayoyajua wewe. Vijana wetu wapendana sana, wanashinda pamoja, grupu moja la simu, na ndiyo hasa sababu habari ya kazi ya Mombasa au Nairobi haiwafikii au yafika tarehe imepita. Wa bara ana binamu ofisini, ana aliyesoma naye. Hilo lina dawa ndogo hata kabla ya serikali: walioko nje wawe na mahali pa kutuma matangazo mapema, mashule yetu yaweke orodha ya waliotoka na wako wapi.

Fresha wa Malindi

Maalim mimi nina asaimenti ya utafiti mdogo, naweza kufanya hilo la Granovetter? Naanzaje?

Mtu wa Langoni

Waweza, tena lafaa sana. Usiende na swali la "kwa nini huna kazi", hilo lamfanya mtu ajitetee. Tafuta walio na kazi kwanza, wa hoteli, wa kaunti, wa bodaboda, wa duka, wake kwa waume, na uwaulize, kazi hii ulisikia kwa nani, huyo mtu ni nani kwako, na kabla ya hapo mlionana lini. Halafu uwaulize maswali hayo hayo wanaotafuta, wao husikia habari za kazi kwa nani. Andika majibu vile vile walivyosema, usiyanyooshe. Majina usiandike, weka namba tu, na mueleze mtu kabla hujaanza kwamba ni ya chuo na ana haki ya kukataa. Ukimaliza weka hapa ulichopata, hata kikitoka kinyume na nilichosema.